Leso Nyekundu Ndani ya Gobori

Mwaka nilioolewa mimi, bunduki ya babu yake mume wangu ilikuwa imeua watu wanne. Kufika mwaka wa sitini na mbili, bila kushuka ukutani hata siku moja, ilikuwa imeua kumi na mmoja. Kila Idi, wageni wakisha kula, Barakat mume wangu huinua kidole kuionyesha, akaanza kusimulia vita vya babu yake, na kila baada ya miaka miwili mitatu hufa mtu mmoja zaidi. Mimi nikipita na sinia huuliza, "Leo wamefika wangapi?" Barakat hunikata jicho.

Ilikuwa gobori, bunduki ya kizamani ya kushindiliwa kwa mdomoni. Unatia baruti, unatia makumbi ya nazi, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, kile kifimbo chake kirefu cha chuma, kisha unamwomba Mungu. Ukiisimamisha ilinipita mimi kwa urefu. Barakat aliiita Bi Ngurumo. Kila Ijumaa alimpaka mafuta ya nazi na kumfukiza ubani, mambo ambayo mkewe wa ndoa hajafanyiwa. Lakini kulia, Bi Ngurumo hakulia tangu babu kufa. Mtambo wake, pale kinyundo kinapogonga fataki, ulikuwa umeharibika kabla sisi hatujazaliwa.

Tulikaa Kisauni, upande wa Magogoni, na duka letu la mchele na nazi lilikuwa hatua chache kutoka nyumbani. Mwezi wa Rajabu jirani yetu mmoja alioza binti, na bwana arusi alipokuwa akiingia wakapiga bunduki mara tano. Barakat alirudi nyumbani hakula. Alikaa akiutazama ukuta kama aliyefiwa. Hafswa, binti yetu, alikuwa aolewe mwezi wa Shaaban.

"Mama Hafswa," akaniambia, "Bi Ngurumo atalia."

"Atamlilia nani?"

"Atalia arusini, bwana arusi akitia mguu mlangoni. Mara tatu. Na nitakayempiga ni mimi, kwa bega langu hili."

Hapo mzaha ulinitoka. Nilikuwa na ami yangu Likoni. Naye alipiga gobori arusini, limetoka kwa fundi siku hiyo hiyo, na fundi kaapa kuwa amelisafisha ndani likatakata. Ndani mlikuwa na uchafu na kutu za miaka. Likampasukia. Ami yangu aliishi miaka tisa baadaye na jicho moja na shavu la kushonwa, na uji aliunywa kwa upande mmoja wa mdomo huku mwingine ukiumwaga.

Sasa Barakat, nasema kweli, hakuwa mzuri. Pua yake ilizaliwa siku moja kabla yake. Lakini uso ule nilikuwa nimeuzoea miaka ishirini na miwili, na sikutaka kuanza kuzoea nusu yake.

Kumkataza singeweza. Barakat ukimwambia mvua inanyesha hutoka nje kukuonyesha kuwa hainyeshi. Nikamwambia, "Sawa. Lakini itengenezwe na fundi wa kuaminika, na fundi huyo nitamjua mimi."

"Wewe wajua nini habari za bunduki?"

"Bunduki sizijui. Waongo nawajua. Nimekaa nao."

Akaingia dukani kwake. Mimi nikakata kipande cha leso yangu nyekundu, nikakikunjakunja, nikakitia mdomoni mwa Bi Ngurumo na kukisukuma kwa mdeki mpaka ukagota. Nikaona pale ndipo mwisho wa mtutu. Fundi mkweli, nikajiambia, akisafisha ndani ataniletea leso yangu. Mwongo ataniletea maneno.

Fundi wa kwanza alikuwa Dishon, wa Changamwe, fundi wa baiskeli. Barakat alimchagua kwa sababu alisikia kuwa amekwenda vita vya Bama, vile vya Mwingereza na Mjapani. Mimi nijuavyo, kila mwanamume wa umri ule aliyekuwa na kovu alikuwa amekwenda Bama, hata aliyeumwa na mbwa. Alikuja mwenyewe kuichukua, kofia ya kijani kichwani, akaizunguka Bi Ngurumo mara mbili kama anayenunua ng'ombe.

"Mama," akaniambia, "mimi nimetengeneza mizinga mikubwa. Hii ni kitu kidogo sana."

"Mizinga nayo waiziba pancha?"

"Mama anapenda mchezo," akasema, akaifunga kwenye baiskeli, akaenda zake.

Alikaa nayo wiki. Aliporudi alikuwa ametia springi ya kiti cha baiskeli ndani ya mtambo, na kinyundo kikawa kinaruka kama panzi. Barakat alikibofya mara arobaini, kila mara akisema "Hah!"

"Na ndani?" nikauliza.

"Ndani nimesugua na waya, mama. Nimesugua mpaka ukichungulia unaona mbingu."

Gobori limezibwa nyuma. Hata lingekuwa safi kama kikombe, usingeona mbingu humo. Nikachungulia, mradi nisimvunjie heshima.

"Mbona kweusi, fundi?"

Akatazama juu. "Leo kuna mawingu."

Alipoondoka, na Barakat kaenda dukani, nikachukua waya wenye kulabu nikaitoa leso yangu. Ilikuwa nyekundu vilevile, haijaguswa hata na tone la mafuta. Nikairudisha mahali pake, nikaishindilia. Nilikuwa nikitafuta la kumwambia Barakat, lakini springi ya Dishon iliniondolea taabu. Siku ya tatu, Barakat akibofya "Hah!" ya asubuhi, iliruka ikaingia kwenye chai yake.

Wa pili alikuwa fundi Salem, fundi saa wa Likoni, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na kioo kidogo cha kubanwa jichoni. Huyu tulimfuata wenyewe, na Bi Ngurumo tumemviringisha ndani ya mkeka, na kwenye feri watu wakatupisha wakidhani tuna maiti. Fundi Salem alitusalimia salamu ndefu, akamuulizia kila mtu, hai na marehemu. Kisha akaiangalia bunduki kwa kile kioo chake, akaguna.

"Masha Allah. Hii si bunduki, Bwana Barakat. Hii ni heshima."

Mume wangu akaachia tabasamu kama aliyetekenywa. Nikajua tumekwisha.

Tulipoirudia baada ya siku kumi, ilikuwa inameremeta utadhani anaolewa yeye badala ya Hafswa. Shaba imesuguliwa, kitako kimepigwa vanishi, pete za fedha zilizouzunguka mtutu zinang'aa. Na mtambo, haki yake nimpe, ulikuwa wafanya kazi. Kinyundo kilikwenda na kurudi kwa adabu, kama mwenyewe fundi. Machozi yalimlengalenga Barakat.

"Na ndani, fundi?" nikauliza.

"Bi mkubwa! Wallahi, billahi, tallahi, kwa mkono wangu huu, nimeosha ndani kwa maji ya moto na sabuni mara saba."

"Mdeki umeingia?"

"Umeingia hata mwisho."

"Haukukuta kitu njiani?"

"Bi mkubwa, mahali pasafi patakaa kitu gani?"

Nilimwangalia macho yake. Lile lenye kioo na lisilo na kioo, yote mawili yalikuwa hayana haya. Nyumbani nikatia waya wangu. Leso ikatoka kavu. Maji saba, sabuni saba, kavu! Nikairudisha tena, sasa kwa hasira, nikaishindilia kwa nguvu zangu zote.

Kisha nikamwita Barakat. "Baba Hafswa, hebu hesabu zile pete."

"Pete gani?"

"Za fedha. Zilikuwa tano."

Akahesabu kutoka mdomoni kuja kitakoni, akahesabu kutoka kitakoni kwenda mdomoni. Nne. Nyumba ilitikisika. Akamwita Salem mwizi, mnafiki, mlaji wa mali ya maiti, akaapa hatavuka feri tena maisha yake. Mimi nilisimama pembeni nikimsikiliza. Pete moja ya urembo ilimliza hivyo. Ndani ya mtutu ambao angeulaza shavuni hakuuliza kumekaaje.

"Haya, tutafute fundi mwingine," nikasema.

"Fundi wa nini? Mtambo wafanya kazi. Mimi sitaki kuona fundi tena. Bi Ngurumo atapigwa hivi hivi."

Jioni ile alirudi na kibweta cha fataki na mfuko wa baruti, na kibali chake cha polisi amekikunja kofiani. Arusi ilikuwa imebaki siku tisa.

Kafedha alikuwa akituletea makaa kutoka Mwakirunge, mwanamke wa Kigiriama mwenye maneno machache na makaa makavu. Asubuhi aliponikuta nimekaa uani na shavu mkononi aliuliza kama kuna mgonjwa.

"Bado," nikamjibu. "Siku nane." Nikamweleza.

Alitua gunia lake, akafikiri. "Bi Salme, mimi nina ndugu yangu, Nzai. Yeye si fundi wa bunduki."

"Vizuri. Mafundi wa bunduki nimewachoka."

"Anapasua mawe kwetu kwa baruti. Miaka kumi na minane sasa."

"Sifa yake nini?"

"Vidole anavyo kumi."

Katika wote waliosifiwa kwangu mwezi ule, waliokwenda Bama na walioapa kwa mkono huu na ule, hakuna aliyeletewa sifa kama hiyo. Nikamwambia aje kesho, Barakat akiwa dukani.

Alikuja akimfuata Kafedha, mtu mrefu mwenye vumbi jeupe la mawe hata nyusini, suruali imekatwa magotini. Nikamtolea Bi Ngurumo. Hakumsifu, wala hakuguna, wala hakusema kuwa ni heshima. Hilo lilinishtua kwanza. Hakugusa mtambo wala hakubofya kitu. Alichomoa mdeki, akautia mdomoni taratibu, taratibu, mpaka ukagota. Akabana kidole gumba pale ulipotokeza. Kisha akautoa, akaulaza nje ya mtutu, kidole chake kikiwa usawa wa mdomo, tuone ncha yake inafika wapi. Ncha haikufika kwenye mtambo. Ilibaki shibiri moja na nusu.

Kazi yote hiyo haikuchukua muda wa kumenya kitunguu. Dishon wiki nzima, Salem siku kumi, hawakuifanya.

"Mama," akasema Nzai, "hii ina kitu ndani."

"Kitu gani?" nikajifanya mjinga.

"Sijui bado. Machimboni ukipima tundu ukakuta limepungua kina chake, huligongi. Huenda kuna baruti imelala."

Alikuwa na chuma chembamba chenye ncha ya parafujo. Akakisokota ndani, akavuta, leso yangu ikatoka. Akaikunjua. Akaitazama, akanitazama mimi. Nilikuwa nimejifunga pacha yake.

"Mama ulikuwa watupima."

"Nilikuwa nawapima waongo. Wewe umepita. Karibu chai, fundi."

Nikageuka kwenda jikoni, nimefurahi, kazi imekwisha. Nikasikia mdeki unaingia tena.

"Mama, ngoja."

"Ningoje nini?"

"Yako imetoka. Hii iliyobaki ni ya nani?"

Akanionyesha. Kidole gumba mdomoni, ncha ya mdeki nje, na kutoka ncha hadi mtambo bado shibiri nzima. Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka. Pale nilipodhani ndipo mwisho wa mtutu hapakuwa mwisho. Mimi niliyewacheka mafundi nilikuwa nimeshindilia ile leso mara tatu, kwa fimbo ya chuma, juu ya kitu kilicholala, na uso wangu umeinama juu ya mdomo wake, na mara ya mwisho kwa hasira. Nikakaa chini pale pale, juu ya gunia la makaa.

Nzai hakunisema. Aliomba maji, akaujaza mtutu ili baruti yoyote ilowe, akamsimamisha Bi Ngurumo kwenye pembe ya ua kama mtoto aliyefanya utundu, tukanywa chai. Baada ya adhuhuri akamwaga yale maji, yakatoka meusi kama wino, akaanza kusokota na kuvuta. Yakatoka makumbi ya nazi, yameoza. Ikatoka risasi. Ikatoka baruti, matope. Akapima. Bado. Yakatoka makumbi mengine, risasi nyingine, matope mengine. Akapima. Bado. Na mara ya tatu vilevile. Vyote akavipanga kwenye uteo wangu wa kupepetea mchele.

"Risasi tatu," nikasema.

"Mtu alitia ya kwanza, hakupiga. Akatia ya pili juu yake, hakupiga. Akatia ya tatu."

"Mtu gani afanyaye hivyo?"

"Mtu mwenye hofu, mama. Mikono yafanya kazi, akili imekimbia. Anashindilia, anashindilia, kupiga anasahau. Machimboni nimewaona."

Wale marehemu kumi na mmoja wakafufuka pale pale uani, wakajifuta vumbi, wakaenda makwao.

Barakat aliingia kwa mlango wa nyuma. Akaona bunduki, akaona mtu wa mawe ameishika.

"Nani huyu?"

"Fundi Nzai wa Mwakirunge."

"Fundi? Huyu si mpasua mawe? Mama Hafswa, umempa mpasua mawe bunduki ya babu yangu?"

"Shikamoo, bwana," akasema Nzai.

"Marahaba. Weka chini."

Nikamsogezea uteo. "Vitu hivi vimetoka tumboni mwa Bi Ngurumo. Mashindilio matatu kamili, moja juu ya jingine. Kama ungempiga hivi hivi, kama ulivyosema, leo wiki ijayo tungekuwa twakutafuta juu ya paa."

Barakat aliinama. Aligeuza risasi moja kwa kidole. Niliona akili yake ikipiga hesabu ile ile niliyopiga mimi, na ikikataa jawabu.

"Hizi," akasema mwishowe, "ni za akiba."

"Akiba!"

"Babu alikuwa mtu wa kujiandaa."

Nzai akakohoa. Akamwambia kwa upole kuwa risasi zile zimekaa humo miaka mingi, na pale zilipokaa chuma kimeliwa na kutu, maana ncha yake ya parafujo ilikwaruza mashimo humo. Kwa hiyo yeye hawezi kusema bunduki ni nzima. Ataifunga kwenye gogo machimboni, Jumapili hakuna kazi, ataifyatua kwa kamba, yeye amejificha nyuma ya mawe. Ikistahimili, bwana achukue.

"Bunduki ya ukoo wetu," akasema Barakat akijinyoosha, "haifungwi kamba kama mbuzi. Wewe umeisafisha, ahsante. Nitaipiga mimi kwa bega langu, mbele ya watu."

"Bwana, sijui kama ni nzima."

"Mimi najua."

Nilimwona ami yangu na uji wake. Kulia kusingenifaa, Barakat machozi huyachukulia kama makofi ya kumshangilia. Nikachukua risasi tatu kutoka kwenye uteo, nikazifunga kwenye pindo la leso yangu.

"Baba Hafswa, Alhamisi wanawake wanapiga vugo hapa uwanjani. Pembe ziko tayari, na wa Kisauni nzima watakuja. Nna wimbo mpya."

Kwa asiyejua, vugo ni siku yetu wanawake. Tunagonga pembe za nyati na kuimba, na anayeimbwa humo hurudi kusikia jina lake kila arusi mpaka azikwe, na baada ya hapo huimbwa mwanawe.

"Wimbo gani?" akauliza.

"Wa babu mmoja aliyeshindilia mara tatu."

"Hutathubutu."

"Beti tatu ziko tayari, moja kwa kila risasi. Kiitikio ndicho nakitafuta. Nimefikiri kiwe na neno akiba."

Barakat alimtazama Nzai, apate msaada wa mwanamume mwenzake. Nzai alikuwa akitazama mbingu, na siku hiyo hakukuwa na mawingu. Kafedha, aliyekuwa amesimama na gunia lake tupu muda wote huo, akaziba mdomo.

"Hiyo kamba," akasema Barakat, "ni ndefu kiasi gani?"

Jumapili tukapanda Mwakirunge. Nzai alilaza gogo la mnazi katikati ya machimbo, akamfunga Bi Ngurumo juu yake kwa kamba ya katani, akatia baruti na kuongeza kidogo, ajue ukweli wote. Mimi nilikuja na papai bivu. Nikaliweka kitakoni, pale hasa ambapo shavu la Barakat lingelala, nikalivika kofia yake ya zamani.

"Lazima livae kofia?" akauliza.

"Lisipovaa sitalijua."

Tukajificha nyuma ya rundo la mawe, Nzai akavuta kamba. Mlio ule sijausahau. Kunguru wa machimbo yote waliruka. Moshi ulipoondoka, Bi Ngurumo yuko mzima, papai liko zima, na Barakat anaruka kama mtoto wa chuo aliyepewa likizo.

"Mwaona? Mwaona? Kamba! Huyu ni chuma cha wazee! Mfungueni nikaende naye."

"Bwana alisema atapiga mara tatu," akasema Nzai. Akatoka, akapima kwanza kwa mdeki, akashindilia tena. Akavuta. Bi Ngurumo akalia tena, sauti nzuri zaidi ya ile ya kwanza. Sasa Barakat hakungoja ruhusa. Alikuwa amekwisha toka nyuma ya mawe, anakwenda kwenye gogo mkono umenyooka, huku akisema kuwa imetosha, mbili zimetosha, mtu mwenye macho ameona. Nilimfukuza nikaishika kanzu yake kwa nyuma, nikavuta mpaka nikasikia mshono unaachia.

"Niache, mwanamke! Wanichania nguo!"

"Ya tatu, kisha nitakushonea."

Nzai alipomaliza kushindilia ya tatu alirudi, akatusukuma sote wawili chini nyuma ya mawe, akavuta.

Mara hii haukuwa mlio, ulikuwa mpasuko. Kitu kikapita juu yetu kikilia kama nyuki mkubwa, kikagonga mwamba nyuma. Tulipoinua vichwa, mtutu ulikuwa umefunguka ubavuni, pale pale risasi zilipolala, umekunjuka kama ganda la ndizi. Mtambo mzuri wa fundi Salem haukuonekana. Papai halikuwa papai tena. Lilikuwa juu ya gogo, juu ya mawe, juu ya kamba, mbegu zake nyeusi kila mahali. Kofia tuliikuta hatua thelathini mbali, ukingo upo, juu hakuna.

Barakat aliichukua ile kofia akaivaa mkononi, kidole kikatokeza. Alikaa chini.

"Nimeharibu bunduki ya bwana," akasema Nzai. "Nisamehe."

Barakat akainua macho. Nilidhani atamtukana. Akamtazama yule mtu kuanzia nyusi za vumbi mpaka miguuni, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kutoa amri, "Ijumaa utakuja arusini. Sinia moja na mimi. Nisikuone umekaa na watu wengine."

Alhamisi wanawake wakapiga vugo. Niliimba nyimbo za mama wakwe, nyimbo za wavivu, nikamwimba na fundi saa mmoja wa ng'ambo ya feri, jina sikulitaja lakini walilijua. Wimbo wa babu sikuuimba. Nilikuwa nimetoa ahadi, na Barakat alikuwa ametoa bega lake.

Ijumaa bwana arusi akaja na watu wake. Yule jirani wa bunduki tano alisimama mbele, masikio amesimamisha, apate kuhesabu. Bwana arusi akatia mguu mlangoni. Kimya. Watu wakatazamana.

"Barakat," akaita jirani, "Bi Ngurumo yuwapi?"

Mume wangu alijinyoosha, kanzu yake imeshonwa upya mgongoni. "Serikali imekataza," akasema. "Wamesikia atalia, wakaogopa. Wamemchukua."

Mngeona hasira ya watu. Wazee wakatikisa bakora. Wakasema mwaka huu ndio wa mwisho kuonewa, uhuru uko mlangoni, na siku hiyo Bi Ngurumo atarudi kwa mguu wake. Mwaka ule Mzungu alibebeshwa lawama nyingi, nyingine zake, nyingine za watu. Hii moja haikumvunja mgongo. Nzai alikuwa amekaa kwenye sinia mbele ya Barakat, anakula pilau kwa vidole vitano, na hakuinua kichwa.

Asubuhi ya Jumamosi, nyumba imejaa sufuria chafu na watoto wa watu, nikasikia Barakat anapiga kelele uani.

"Mama Hafswa! Mama Hafswa! Nimeumia! Damu!"

Nilitupa ufagio nikakimbia. Alikuwa amesimama mbele ya kioo chake cha kunyolea, povu shavu moja, wembe mkononi, uso umegeuka rangi.

"Wapi?"

"Hapa, kidevuni! Huoni? Yachuruzika!"

Nikamshika kidevu. Nikaugeuza ule uso huku, nikaugeuza kule, jicho la kwanza, jicho la pili, mashavu yote mawili, na ile pua. Nilikawia kuliko kidonda kile kilivyohitaji. Kilikuwa tone, kama la kuumwa na mbu.

"Ni kikubwa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Utapona," nikamwambia, nikamfuta kwa pindo la leso. "Nyoa na upande wa pili, wageni wangoja chai."